Kumbukumbu ya mradi, mwezi wa tano: hadithi ya nne na mikono ya bibi

Hadithi tatu zimekwisha. Ya nne imenikwama kooni wiki ya sita sasa, na leo nimejua kwa nini, ndiyo maana naandika haraka kabla sijasahau.

Kwa anayesoma leo kwa mara ya kwanza: nataka kumaliza hadithi saba fupi za huku kwetu Lindi kabla msimu wa korosho haujafunguliwa. Naandika saa kumi na moja alfajiri, kwa kalamu, kwenye daftari la kaunta, kisha natoka kwenda njia panda ya Mnazi Mmoja kuuza korosho kwa abiria wa mabasi. Jioni ya Ijumaa namsomea bibi nilichoandika, yeye akiwa anabangua. Ana kijiti chake na jiwe lake, vidole amevipaka majivu utomvu wa ganda usimuunguze. Ta, ta, ta. Hasemi zuri wala baya.

Ilinichukua miezi miwili kugundua kwamba mikono yake inasema. Kuna mahali kijiti kinasimama. Nikaanza kuweka alama ya X pembeni ya mstari kila kiliposimama.

Hadithi ya tatu ilikuwa ya baba anayeuza korosho zake kwa kangomba, yaani kwa walanguzi wanaopimia bakuli badala ya mizani, kabla ya mnada, ili mwanawe apate sare ya shule. Niliandika ukurasa mzima kueleza kangomba ni nini na mkulima anapunjwaje. Hakuna X hata moja. Bibi anaijua kangomba tangu mimi sijazaliwa! X ilikuja mke alipouliza, "Wamepimia bakuli la nani?" na mume akainama kufungua kamba za viatu ambavyo alikuwa ameshavivua.

Sasa hii ya nne. Ni ya Tendaguru, kilima cha huku kwetu Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya mijusi wakubwa wa kale (dinosauri), na watu wa huku wakaibeba kichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kama nne, ipakiwe melini. Mmoja wa mijusi hao amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho Berlin, na kimo chake kimepita mita 13. Habari hii naipenda mno, na hapo ndipo nilipoharibu. Rasimu ya kwanza nilianzia Berlin. Ya pili nikaanzia Vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata, maana vita ilikwisha 1907 na uchimbaji ukaanza 1909, kwa hiyo wapagazi wale waliijua njaa hiyo kwa matumbo yao. Yote kweli, na kijiti cha bibi kiliendelea ta, ta, ta hadi mwisho wa ukurasa wa nne.

Jana usiku nilirudia madaftari yote nikilinganisha X na mahali pasipo na X. Nikaona tabia yangu. Nikilikaribia tukio linaloniogopesha, naanza kueleza: tarehe, desturi, hali ya hewa, chochote cha kunichelewesha. Kurasa nne za Tendaguru ni mimi nikimkwepa mtu mmoja mwenye sanduku kichwani, kwa sababu sikujua anawaza nini.

Wazee wetu walikuwa wakiita: hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea. Nimeisikia tangu utotoni, lakini safari hii nimeisikia vingine. Anayeita ni msikilizaji. Mimi nilikuwa namletea kabla hajaita.

Nikakata kurasa zote nne. Nikaanza na mpagazi ametua sanduku chini ya mwembe, siku ya tatu ya safari, shingo imekufa ganzi. Anakuja mtoto wa kijiji na kibuyu cha maji.

"Mmebeba nini?"

"Mifupa."

"Ya nani?"

Nilimsomea bibi leo asubuhi, sikungoja Ijumaa. Kijiti kilisimama hewani, korosho bado iko juu ya jiwe. Akanitazama.

"Akamjibu nini?"

Nikamwambia bado sijaandika.

"Basi nenda kaandike, mume wangu. Korosho za leo nitampa mdogo wako azipeleke stendi."

Hadi adhuhuri hii nimeandika majibu manne, nimefuta matatu. Lililobaki lina maneno mawili. Vita imeingia, lakini kwa sentensi moja tu, pale mpagazi anapokitazama kibuyu kabla ya kunywa. Berlin haimo kabisa, kwa sababu yeye hajawahi kuisikia.

Kurasa zilizobaki: mbili na nusu. Ijumaa namsomea yote.