Oili ya Giaboksi kwa Gari Langu la Mwendo Kasi

Kwa majuma kadhaa gia ya pili ya gari langu ilikuwa ikikataa kuingia asubuhi, injini ikiwa bado baridi, na kabla ya kuilaumu klachi niliamua kuchunguza oili iliyokuwa ndani ya giaboksi.

Jambo lililonichukua muda mrefu zaidi ni tofauti kati ya daraja la GL-4 na GL-5, yaani viwango viwili vya oili ya gia. Wengi hudhani kwamba namba kubwa ni ubora mkubwa, ilhali GL-5 imekusudiwa hasa difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu), ambako meno ya gia husuguana kwa shinikizo kali, na ndiyo maana huwekewa viambato vingi zaidi vya salfa na fosforasi. Baadhi ya viambato hivyo huweza kula ringi za sinkronaiza (kifaa kinacholinganisha kasi ya gia kabla haijaingia) zilizotengenezwa kwa shaba. Tena ringi hizo huhitaji msuguano kiasi ili zisawazishe mwendo wa gia, kwa hiyo oili yenye utelezi kupita kiasi huzifanya zishindwe kazi yake.

Kuhusu mnato, yaani uzito wa oili, nilichagua 75W-90 ya sintetiki, kama kitabu cha gari kinavyoagiza. (Namba hiyo isimtishe mtu: vipimo vya oili ya gia ni tofauti na vya injini, na 90 hapa inakaribia 40 ya huko.) Yapo magari yanayotaka oili nyepesi ya giaboksi za otomatiki, hivyo kitabu kisomwe kwanza.

Gia ya pili sasa inaingia bila kulazimishwa.