Usiisugue Kabla ya Kuniletea

Mzee alikuja na mjukuu wake kutoka Kiambu siku ambayo mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, tukaketi katika mkahawa mmoja karibu na Mtaa wa Kimathi hapa Nairobi, mahali ninapopenda kukutana na wenye sarafu kwa sababu meza za dirishani zina mwanga mzuri na mhudumu hanuni mtu akikaa saa mbili na kikombe kimoja cha chai. Akatoa leso mfukoni, akaikunjua taratibu, na ndani yake mlikuwa na florini ya Malkia Victoria, sarafu ya fedha ya Uingereza ya shilingi mbili, ile ambayo wakusanyaji huiita ya Kigothi kutokana na mtindo wa herufi zake. Marehemu baba yake alikuwa mpishi katika nyumba ya mlowezi kule Limuru, na sarafu hiyo ilikaa kwenye kopo la majani ya chai tangu kabla ya yeye kuzaliwa.

Iling'aa kama kijiko kipya, na kabla sijaishika nilikwisha kujua kilichotokea.

"Niliiosha jana usiku," msichana akaniambia kwa fahari. "Kwa jivu na ndimu. Guka alisema hatuwezi kumletea mtu kitu kichafu."

Niliiweka chini ya lenzi. Uso wa malkia, na hata sehemu tupu iliyo mbele ya pua yake, ulikuwa na mistari myembamba iliyokwenda upande mmoja, kama sufuria iliyosuguliwa kwa steelwool. Kilichoniuma ni kwamba chini ya mistari ile kila kitu kilikuwa kizima: misalaba ya taji ilisimama wima, nywele zilizosukwa juu ya sikio zilihesabika, na herufi ndogo za mwaka zilisomeka zote. Hii haikuwa sarafu iliyozunguka sokoni miaka hamsini. Kwa makadirio yangu, siku mbili kabla ya hapo ingeweza kuuzwa kwa mara tano au sita ya kiasi ambacho ningeweza kumpa mzee yule asubuhi ile, na nililazimika kumweleza hivyo bila kumfanya mtoto ajione mkosaji.

Ninasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nilifanya kosa hilohilo. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilinunua kwenye meza ya vyuma chakavu Gikomba peni ya shaba nyeusi ya mwaka 1869, yenye picha ya Victoria akiwa amefunga nywele kisogoni. Peni za aina hiyo zilitolewa kuanzia 1860 hadi 1894 na nyingi ni za bei ndogo, lakini ya 1869 ni miongoni mwa zile ambazo watu huzitafuta kwa miaka bila kuzipata zikiwa na hali nzuri. Niliikamulia limau, nikaipaka chumvi, nikaisugua kwa mswaki wa zamani, na baada ya dakika kumi nikawa na kitu chenye rangi ya waridi ambayo shaba ya kawaida haina. Bado ninayo. Hakuna mnunuzi makini atakayeitaka, nami sina moyo wa kumuuzia asiyejua.

Watu wengi wanaonipigia simu huanza na umri. "Ni ya zamani sana, ni ya 1890." Umri peke yake hausemi mengi, kwa sababu kiwanda cha serikali ya Uingereza kilitoa sarafu kwa mamilioni, na peni ya 1890 iliyolika hadi malkia amebaki kivuli haifiki bei ya sahani ya nyama choma. Kinachotafutwa ni mambo mawili yakutane: uchache na uzima. Uzima una ngazi zake, na wauzaji wa Uingereza bado hutumia majina ya zamani, kuanzia sarafu nzuri, nzuri sana, nzuri kupindukia, hadi ile ambayo haikutumika kabisa. Wamarekani wana kipimo cha 1 hadi 70 kilichobuniwa na William Sheldon mwaka 1949, na kampuni kama PCGS na NGC huifungia sarafu ndani ya kasha la plastiki pamoja na namba yake. Mimi hupendelea kuitazama mwenyewe kwanza, kisha ndipo nisome kasha linasemaje.

Kuitazama kuna utaratibu wake. Ishike kwa ukingo, usiguse uso, maana mafuta ya kidole huacha alama ambayo baada ya mwaka mmoja huonekana kama muhuri. Halafu iinamishe polepole chini ya taa moja. Sarafu ambayo haijawahi kutumika hutoa mng'ao unaozunguka, kama vijiti vya gurudumu la baiskeli linapokwenda, na mng'ao huo unatokana na jinsi chuma kilivyosukumwa kuelekea kingoni wakati wa kupigwa chapa. Ukishafutika haurudi, hata uisugue kwa nini. Baada ya hapo tafuta sehemu zilizoinuka zaidi, kwa kuwa hizo ndizo huanza kulika: kwenye peni ni nywele zilizo juu ya sikio la malkia, na upande wa pili ni kofia ya vita na goti la Britania, yule mwanamke anayewakilisha Uingereza. Kwenye krauni, yaani sarafu ya shilingi tano, na pauni ya dhahabu, zenye Mtakatifu George akimwua joka, mchoro wa Benedetto Pistrucci ulioanza kutumika kwenye pauni mwaka 1817, mimi huanza na kifua cha farasi. Farasi akiwa na kifua bapa, sarafu imetembea.

Uchache nao hudanganya. Mfano wangu wa siku zote ni sumni ya 1887, sarafu ya peni sita iliyotolewa Victoria alipotimiza miaka hamsini ya utawala. Nyuma yake iliwekwa ngao iliyofanana mno na ya nusu pauni ya dhahabu, na wajanja wakazipaka rangi ya dhahabu na kuzipitisha madukani kama sarafu za shilingi kumi. Serikali ikaondoa mchoro huo mwaka uleule na kuweka mwingine wenye maneno ya thamani yake. Mtu akisikia habari hiyo hudhani ameshika lulu, lakini kwa kuwa watu wa wakati huo walizihifadhi kama ukumbusho, sumni hizo zimebaki nyingi, tena zikiwa nzima kabisa. Ninazo nne kwenye droo, na kila moja niliipata bila kutoa jasho.

Hapa Nairobi kuna mfano wa aina hiyo unaonifurahisha zaidi. Mfalme Edward VIII alitawala kuanzia Januari hadi Desemba 1936, akaacha kiti kabla sarafu zenye sura yake hazijatolewa rasmi kwa matumizi Uingereza. Senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki, zile zenye tundu katikati, hazikuhitaji sura ya mtu, kwa hiyo zilipigwa chapa zikiwa na jina lake na zikatumika sokoni kama kawaida. Mkusanyaji wa London anayelilia sarafu ya mfalme huyo angeshangaa kuona wachuuzi wetu wakizitunga kwenye kamba kama shanga. Hazina bei kubwa, lakini nikipata moja ambayo bado ina wekundu wa shaba mpya, siiuzi. (Na wanaodhani mambo haya ya Waingereza hayatuhusu wajiulize neno "bob" tunaloitia shilingi kila siku tulilitoa wapi.)

Thamani ya chini kabisa ya sarafu ya fedha ni chuma chake, na hapo miaka ni ya kukumbukwa. Hadi 1919 sarafu za fedha za Uingereza zilikuwa na asilimia 92.5 ya fedha, kuanzia 1920 zikashushwa hadi asilimia 50, na tangu 1947 hazina fedha tena. Florini ya mzee ilikuwa ya fungu la kwanza, hivyo hata ikisuguliwa haiwezi kuwa bure. Kwa dhahabu ni hivyohivyo: pauni moja ina uzito wa gramu 7.98 ya karati 22, na sonara yeyote wa Ngara atakupa bei ya uzito huo bila kuuliza mwaka. Ndiyo maana ninawasihi watu wasianzie kwa sonara. Si kwamba ni mwizi, ila mizani yake haisomi tarehe.

Mizani, hata hivyo, ndiyo iliyoniokoa mara nyingi, na mara moja ilinichelewa. Nusu krauni ya Edward VII ya mwaka 1905 ilitolewa 166,008 tu, idadi ndogo sana kwa sarafu ya matumizi, na kwa sababu hiyo waghushi wanaipenda kuliko wakusanyaji. Nilinunua moja kwa mtu wa ng'ambo kupitia intaneti, picha zikiwa nzuri, maelezo yakiwa marefu, nami nikiwa na haraka ya mtu aliyeota kitu kwa miaka saba. Ilipofika niliipima: gramu 13.6, badala ya 14.14. Kulika hakuwezi kupunguza kiasi hicho kwenye sarafu ambayo ndevu za mfalme bado zinaonekana unywele kwa unywele. Nikatazama ukingo, meno yake yalikuwa yamekatizwa na mstari mwembamba uliozunguka sarafu nzima, na kando ya herufi kulikuwa na vitundu vidogo kama vya uji ulioanza kuchemka, dalili kwamba ilimiminwa kwenye kalibu wala haikupigwa chapa. Muuzaji alinijibu mara moja, kisha akanyamaza. Siku hizi ninaibeba kwenye mkoba pamoja na mizani, ninawaonyesha wageni.

Baada ya hasara hiyo nilibadilisha namna ninavyouza. Maelezo yangu huanza na kasoro: mkwaruzo huu uko shavuni, ukingo umegongwa saa tisa ikiwa sarafu ni saa, doa hili lilikuwapo nilipoinunua. Picha ninazipiga kando ya dirisha, moja ya mwanga wa wima na moja ya mwanga wa ubavuni, kwa sababu mwanga wa wima huficha mistari ya kusuguliwa na ule wa ubavuni huifichua. Mauzo yangu yamepungua kidogo lakini hakuna anayerudisha kitu. Wanunuzi wa hapa hulipa kwa M-Pesa tukiwa mezani. Wa nje hupelekewa kwa kampuni ya usafirishaji yenye bima, na gharama hiyo ninaitaja mapema, maana kwa sarafu ya bei ya kati inaweza kula faida yote.

Kuhusu utunzaji, adui si umri bali vyombo. Mifuko laini ya plastiki ya bei rahisi hutoa ute wa kijani unaokula shaba. Karatasi zenye salfa huifanya fedha iwe nyeusi. Kasha la mtarakwa linalonukia vizuri ni zuri kwa shuka, si kwa sarafu. Katika miezi ya mvua mimi hutupia ndani ya sanduku vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na majirani wananijua kwa kuviomba. Weusi wenyewe, ule unaokuja polepole na kutandaa sawasawa, wenye rangi ya samawati na kahawia kingoni, si uchafu. Wako watu wanaolipa zaidi kwa ajili yake.

Hayo yote nilimweleza mzee, kwa ufupi kuliko nilivyoandika hapa. Hakukasirika. Aliuliza bei, nikamtajia, akatafakari huku akipuliza chai, kisha akasema kwamba kwa kiasi hicho afadhali ibaki nyumbani. Sikumshawishi. Niliitia florini katika kasha dogo la plastiki ngumu nililokuwa nalo, nikamrudishia na leso yake.

Msichana alikuwa ameinamia lenzi muda wote, akijaribu kujua mwaka uko wapi. Kwenye florini hizi mwaka umeandikwa kwa namba za Kirumi, tena kwa herufi ndogo za Kigothi, kiasi kwamba wengi hudhani haupo. Nikamwonyesha pa kuanzia. Akahesabu kwa kidole juu ya meza: *m* ni elfu, *d* ni mia tano, *c* tatu, *l* ni hamsini, *x* mbili, *i* mbili. Akapata 1872, akarudia tena kuhakikisha, akamtazama babu yake.

"Guka, ile nyingine yenye farasi bado sijaiosha."

Mzee akaweka kikombe chini.