Treni, punda aliyekuwa hampishi mtu

Punda anayekusukuma kwa kichwa mpaka ukarudi nyuma hana chuki nawe, wala hakuzaliwa na jeuri. Amefundishwa. Kila aliposukuma, mtu alimpisha. Kila alipopishwa, alipata alichokitaka: pumba, maganda ya viazi, nafasi ya kuingia kivulini. Mnyama mwenye akili hahitaji kurudiwa somo hilo mara nyingi, na punda ana akili kuliko watu wanavyomdhania.

Naandika haya kwa sababu huku kwetu, kuanzia Nzega hadi Igunga, dawa ya punda wa namna hiyo ni fimbo, na fimbo ikishindwa anapelekwa mnadani. Miaka ile viwanda vya kuchinja punda vilipokuwa vikifanya kazi Shinyanga na Dodoma, punda aliyefikishwa mnadani kwa sababu ya tabia hakuwa na safari ndefu. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walipitisha marufuku ya kuchinja punda kwa ajili ya ngozi, na habari ile ilinifurahisha sana. Lakini marufuku haimfundishi punda adabu, wala haimzuii mtu kumpiga mnyama mbavuni kwa mpini wa jembe. Hilo linabaki kwetu tunaowafuga.

Ujuzi wangu umetoka kwa farasi. Kabla ya kurudi nyumbani nilikuwa mtunza farasi Usa River, kule Arusha, kwenye shamba lililokuwa na farasi wa kupandwa na wageni. Farasi mkubwa anafika kilo 500. Ukimruhusu leo akuegemee begani kwa sababu anaonekana mpole, kesho atakubana ukutani bila hata kukusudia. Kwa hiyo mtunzaji mpya hakuanza na brashi wala tandiko. Alianza kwa kujifunza kusimama, na kumsimamisha farasi, pakiwa na urefu wa mkono ulionyooshwa katikati yao. Farasi akiingiza kichwa ndani ya nafasi ile bila kualikwa, anarudishwa. Kila mara, na kila mtu, bila kelele.

Hapa Tabora farasi hatuna. Ndorobo, yaani mbung'o, waliojaa kwenye misitu ya miombo hawakuwapa nafasi, ndiyo maana mizigo ya misafara ya pwani ilipita nchi hii juu ya mabega ya wapagazi wa Kinyamwezi. Punda naye huugua ugonjwa wa ndorobo, lakini anaustahimili zaidi, na huku kaskazini mwa mkoa ambako miti imepungua anaishi vizuri. Niliporudi nikakuta jamaa wake wa farasi yuko kila boma, anabeba maji, mpunga, kuni na wagonjwa, na hakuna anayezungumza juu ya kumfundisha. Anafungwa tela, basi.

Treni aliletwa kwangu na mama mmoja jirani anayeuza maji kwa madumu. Aliniambia, “Shemeji, huyu mnyama ataniua mtoto.” Nilimwona mwenyewe pale pale kwenye uga. Mwanawe wa kiume, wa darasa la nne, alikuwa ameshika kamba, na Treni alimpitia kana kwamba hayupo, akaja moja kwa moja kwangu, akanipiga kifuani kwa paji la uso na kuanza kunusa mifuko. Watoto ndio waliompa jina hilo. Walisema hakati kona kwa ajili ya mtu.

Nilipouliza historia yake nikaelewa yote. Mama yake alikufa angali ananyonya. Watoto wa boma wakamlea kwa chupa ya maziwa ya ng'ombe, akalala jikoni, akala ugali mikononi mwao. Kumwokoa lilikuwa jambo jema, na bila wao asingekuwepo. Ila kuna kitu ambacho mtoto wa punda anakipata kwa mama yake na hakipati kwa binadamu. Akimsumbua mama, mama analaza masikio nyuma. Asipoelewa, anainuliwa mguu. Asipoelewa tena, anaupata. Onyo linaanza dogo, linakua, na linakwisha papo hapo mtoto anaposogea. Dakika hiyo hiyo wanarudi kula pamoja. Treni akiwa na kimo cha mbuzi aliwasukuma watoto, wakacheka. Alipofikisha kimo cha kunifika kifuani aliwasukuma vilevile, wakaanguka, akapigwa. Kwa upande wake yeye hakubadilisha chochote. Watu ndio waliobadilika.

Sikuanza na mafunzo. Nilimkagua kwanza, na nawaomba wote mfanye hivyo, kwa sababu punda anayesugua kichwa kwa mtu pengine anawashwa tu. Nilimwangalia ndani ya masikio, nikakuta kupe wa kutosha. Nikaangalia mgongo na kifua kama kuna vidonda, nikainua kwato moja moja, nikachungulia meno. Kamba ya kichwani ilikuwa imembana juu ya pua, nikailegeza ziingie vidole viwili. Pia alikuwa dume kamili aliyeanza kusumbua majike, kwa hiyo tulikubaliana na mwenye mali kwamba mtaalamu wa mifugo wa kata aje amhasi. Tukasubiri kidonda kipone. Kumfundisha adabu mnyama mwenye maumivu ni kumwonea.

Alipopona nikaanza na kusogea nyuma. Nilisimama kando ya bega lake la kushoto. Punda na farasi wana macho pembeni mwa kichwa: wanaona karibu pande zote, isipokuwa mbele kabisa ya paji la uso na nyuma kabisa ya mkia. Anayewakabili usoni anajiweka mahali wasipomwona vizuri, halafu anashangaa kukanyagwa. Nikaweka ncha za vidole kifuani pake, chini ya shingo, nikagusa tu. Hakujali. Nikaongeza uzito kidogo kidogo. Akafanya alichokizoea: akaegemea vidole. Hapa watu wengi hukata tamaa na kuutoa mkono, au hukasirika na kupiga, na punda anajifunza kwamba kuegemea kunashinda. Mimi nilibaki palepale, uzito uleule, kimya, mpaka akachoka na kuurudisha mwili nyuma. Kwato hata hazijainuka. Nikautoa mkono papo hapo, nikageuza uso pembeni, nikamwacha. Akashusha kichwa, akalamba midomo.

Yote ninayoyajua kuhusu kazi hii yako ndani ya kitendo kile kidogo cha kuutoa mkono. Mnyama hajifunzi wakati unapombana. Hapo anatafuta tu pa kutokea. Anajifunza pale unapomwachia, kwa kuwa anakumbuka alikuwa anafanya nini mara tu kabla ya kupata raha. Ukimwachia akiwa anasukuma, umemfundisha kusukuma. Ukimwachia akiwa anarudi nyuma, umemfundisha kupisha. Ukichelewa kidogo, akawa ameshaanza jambo jingine, umemfundisha hilo jingine. Kwa hiyo mwanzoni nilikuwa naridhika na kuyumba kidogo tu kwa mwili, baadaye hatua moja, baadaye hatua kadhaa, na mwishowe hata kidole hakikuhitajika. Niliinua mkono, akarudi.

Kuna tofauti moja kati ya farasi na punda ambayo lazima niiseme. Farasi akishtuka anakimbia, na ukimwomba kitu anajibu haraka, hata kama jibu si sahihi. Punda akiona mashaka anaganda. Anasimama anafikiri. Watu wanaona kuganda huko ni ukaidi, wanapiga, na punda anapigilia kwato ardhini zaidi kwa sababu sasa ana sababu ya kuogopa. Kwa farasi nilizoea kuomba na kupata jibu mara moja. Kwa Treni niliomba, nikasubiri, nikasubiri tena. Akishaamua, ameamua, jambo alilolielewa jioni analikumbuka asubuhi bila kukumbushwa.

Kutembea naye kulikuwa somo refu kuliko yote. Nilitaka kichwa chake kiwe usawa wa bega langu, na kati yetu mkono mzima. Akinipita, simburuti kwa kamba, maana kuvutana na punda ni kazi ya bure. Nageuka, namzungusha abadilishe upande, tunaanza upya, na yeye anakuta kwamba kukimbilia mbele hakumfikishi popote. Akiniingilia upande, natingisha ncha ya kamba hewani katikati yetu, pale pale kwenye mpaka, akiigusa ameigusa mwenyewe. Akitoka, kamba inatulia. Usoni simpigi kamwe. Punda aliyepigwa usoni anaanza kukwepa kila mkono unaoinuka, na siku unataka kumtoa kupe sikioni hakubali.

Mzee mmoja jirani alikuwa anapita akiwa na baiskeli, akasimama kututazama. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniambia, “Mwanangu, wahenga walisema punda haendi bila kigongo.” Nilimheshimu, nikamjibu kwamba kigongo kinaweza kumfanya aende, lakini mimi kwa sasa namfundisha kusimama. Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama ingewezekana kwa ng'ombe. Inawezekana, mzee wangu. Maksai mzuri wa plau anafundishwa hivyo hivyo, na wewe mwenyewe uliwafundisha wengi. Anayejua kumwelekeza maksai kwa sauti na kwa mahali anaposimama tayari anajua nusu ya kazi ya punda.

Kwenye chakula nilikuwa mkali kuliko sehemu nyingine yoyote. Marufuku kumlisha mkononi. Hakuna ganda la ndizi, hakuna kipande cha muhogo, hata kama anakutazama kwa huruma. Pumba inawekwa kwenye karai, karai linawekwa chini, na wewe unasimama kati yake na karai. Akija kwa kichwa, inua mkono, arudi. Asimame, masikio yawe mbele, ndipo unapompisha kwa hiari yako. Watoto walilalamika kwamba nimewanyima rafiki yao. Nikawaonyesha mahali anapopenda kukunwa, pale juu ya mabega shingo inapoishia, ambapo punda wenyewe hukunana kwa meno wakiwa wawili. Waanze wao kumfuata, wamkune, waondoke wao kwanza. Sasa upendo upo, na vidole vya miguu viko salama.

Ugumu halisi ulikuwa bomani kwao. Kwangu Treni alikuwa amenyooka. Alipofika nyumbani, siku hiyo hiyo akamsukuma bibi aliyekuwa anapepeta mpunga, bibi akasogea, akapata mpunga. Punda hana sheria moja kwa dunia yote. Ana sheria kwa kila mtu, na anampima kila mtu upya. Kwa hiyo nilikwenda kwao. Nikamwomba mama, bibi, yule mtoto wa darasa la nne na dada zake wasimame mmoja mmoja na kufanya kile kile: kidole kifuani, kusubiri, kuachia. Bibi alikataa kushika kamba, akasema yeye atatumia ungo. Akauinua ungo mbele yake, akasimama imara, Treni akaenda nyuma hatua mbili. Nilifurahi kuliko siku zote nilizofanya kazi na mnyama huyu, kwa sababu bibi hakufuata mbinu yangu, ila alikuwa ameelewa kwamba yeye si wa kusogea.

Jambo la usalama, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu naliona kila siku njiani kwenye visima: watoto wanajizungushia kamba ya punda mkononi au kiunoni ili wachezee kitu kingine. Punda wetu aliyekomaa anakaribia kilo 150. Akishtushwa na pikipiki akakimbia, mtoto hawezi kufungua kamba ile. Kamba inakunjwa mikunjo ndani ya kiganja, kiganja kinaweza kuachia. Mfundisheni hivyo mtoto kabla hamjamfundisha punda kitu chochote. Na akipita nyuma ya punda, apite mbali kabisa, nje ya urefu wa mguu, au ateleze mkono juu ya mgongo wake akimsemesha ili ajue nani yuko pale.

Treni sasa anabeba madumu manne kutoka kisimani. Bado akisikia mlio wa karai anaharakisha, na akiwa na mtu mgeni asiyemjua huwa anahitaji kukumbushwa. Hilo nitalifanyia kazi wakati wa kiangazi, akianza kuzoeshwa tela. Sitaki avute mzigo mpaka asimame vizuri akiambiwa, kwa sababu tela halina breki zaidi ya yeye mwenyewe.

Wengi mmeniuliza kama naweza kuwachukulia punda wenu niwafundishe kisha niwarudishe. Punda peke yake sipokei tena. Lete punda, lete kamba yake, na uje na yule mtoto au mama anayemswaga kila siku, awe na muda wa saa nzima asubuhi kabla jua halijawa kali. Nitamsimamisha yeye kando ya bega la punda, mimi nitakaa pembeni.