Miguu ya gari langu: kipi nibadilishe mwenyewe, na lini

Wiki ya kwanza

Gari limetimiza kilomita 148,000, na kwa muda wa miezi miwili limekuwa likigonga chini kwenye miguu, yaani mfumo wa springi na shokapu unaobeba magurudumu, mbele upande wa kushoto, kila ninapopita polepole kwenye vishimo vidogo, ilhali matuta makubwa linayavuka kimya. Tofauti hiyo ndiyo iliyonizuia kukimbilia kununua shokapu. Shokapu iliyochoka huliacha gari likinesa baada ya tuta, lakini mlio mfupi na mkavu wa kugonga, unaosikika pale gurudumu moja linapopanda na mwenzake halipandi, mara nyingi hutoka kwenye linki ya stabilaiza, kifimbo kinachounganisha mguu wa gurudumu na fito inayozuia gari lisilale kwenye kona.

Nilianza kwa kulikandamiza gari kwenye kona na kuliachia ghafla. Lilipanda mara moja likatulia. Sikulipa jambo hilo uzito mkubwa, kwa sababu kipimo cha mkono hunasa shokapu iliyokufa kabisa, na ile iliyochoka nusu hupita bila tatizo. Nikaliamini zaidi jicho. Shokapu ya kushoto ina unyevu mwembamba wa oili ulioshika vumbi karibu na sili, pete inayozuia oili isivuje, jambo la kawaida kwa umri wake, lakini hakuna oili inayotiririka hadi chini, wala tairi halijalika kwa mabonde mabonde.

Baada ya kupiga jeki na kuweka stendi, nililitikisa gurudumu kushoto na kulia, kisha juu na chini, na halikucheza. Boljointi, kiungo cha chuma chenye kichwa cha mviringo kinacholiwezesha gurudumu kugeuka, niliipima kwa mtaimbo. Gari langu lina mfumo wa MacPherson, yaani shokapu na springi zimeungana kuwa nguzo moja, ambamo uzito hupita kwenye springi bila kuiegemea boljointi ya chini, hivyo gurudumu likining'inia panatosha kupima. Kwenye gari ambalo springi imekalia mkono wa chini (chuma kinachounganisha gurudumu na fremu ya gari), jeki huna budi kuiweka chini ya mkono wenyewe, la sivyo springi itaibana boljointi na kuficha uchezaji wake. Yangu ilikuwa imara na kofia yake ya raba haijachanika. Linki ya stabilaiza, kinyume chake, ilitoa sauti ileile niliyokuwa nikiitafuta mara tu nilipoitikisa kwa mkono.

Jambo ambalo sikulitarajia lilikuwa bushi ya nyuma ya mkono wa chini, yaani raba ya mviringo inayoushikilia mkono huo kwenye fremu. Nyufa za juu juu hazikunitisha, kwani raba yoyote ya zamani huwa nazo, lakini nilipoisukuma kwa mtaimbo ufa mmoja ulifunguka hadi kwenye chuma cha ndani. Hapo nikaelewa kwa nini usukani ulikuwa ukivuta kidogo kila nilipofunga breki.

Uamuzi wangu sikuufanya kwa kuhesabu kilomita. Nilijiuliza kila kifaa kikifa kitafanya nini. Linki ikikatika, gari litapiga kelele na kulala zaidi kwenye kona. Inaweza kungoja mshahara. Boljointi ikichomoka, gurudumu hujikunja na gari halina tena usukani, kwa hiyo ikianza kucheza, gari halitoki nyumbani. Bushi iko katikati, nami niliipa wiki mbili.

Wiki ya pili

Linki zote mbili zimebadilishwa. Nati ya kushoto ilizunguka pamoja na msumari wake, na ufunguo wa aleni uliolainisha pembe za tundu lake ukaniachia njia moja tu, msumeno wa chuma. Upande huo ulinila saa nzima, wa pili dakika kumi na tano.

Wiki ya tatu

Nilinunua mkono mzima wenye bushi na boljointi mpya, kwa sababu kung'oa bushi ya zamani na kuingiza mpya kunahitaji presi, mashine ya kukandamiza, ambayo sina, na bushi iliyoingizwa kwa nyundo ni kazi ya kurudiwa. Nati za kujifunga nazo nilinunua mpya.

Kosa nililifanya mwishoni. Nilikaza bolti za bushi kwa nguvu zote gurudumu likiwa bado linaning'inia, nikanawa mikono, na nilikuwa mezani nikila nilipokumbuka. Raba ya bushi imeshikamana na chuma cha ndani na cha nje. Haizunguki, hujisokota tu. Ukiikaza mguu ukiwa umening'inia, gari likishuka raba hubaki imesokotwa muda wote na kupasuka kabla ya wakati wake. Nikarudi na tochi, nikazilegeza bolti, nikalishusha gari juu ya mbao nne nene, moja chini ya kila tairi, ili nipate nafasi ya kuingia, nikalitikisa likae sawa, kisha nikazikaza upya kwa spana ya toki kwa kipimo cha kitabu cha gari.

Kesho yake nililipeleka kupima alaimenti, maana kuondoa mkono wa chini huweza kuhamisha uelekeo wa gurudumu. Mlio wa kugonga umekwisha na usukani hauvuti tena ninapofunga breki.

Shokapu zimebaki, na hizo, zikifika wakati wake, nitabadilisha zote mbili za mbele kwa pamoja, ila sitazifungua mwenyewe: springi iliyobanwa ina nguvu ya kuua mtu ikifyatuka, na vibanio nilivyoviona vikiazimwa havikunipa imani. Kwa sasa nimefuta ile ya kushoto kwa kitambaa na kuchora mstari wa rangi nyeupe chini kidogo ya sili. Nitaitazama tena siku ya kumwaga oili ya injini.