Askari wa f5

Saa nne na nusu usiku, Alhamisi. Nimekunja sketi ya mwisho ya ile oda ya sare na ningekuwa nimeshalala, lakini tangu Jumapili kuna swali limenikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Gemu yenyewe mnaijua, nimeitaja hapa mara nyingi: sataranji (chess), Capablanca mwenye weupe dhidi ya Tartakower mwenye weusi, mashindano ya New York, 1924. Kila upande umebaki na ngome moja, kete inayokwenda moja kwa moja tu, na askari. Sisi wengine hapo tungemficha mfalme nyuma na kuhesabu askari wetu. Capablanca anamwinua mfalme na kumtembeza: g3, h4, g5, f6 (herufi ni ya safu, namba ni ya mstari kuhesabia chini, upande wa weupe). Njiani anaacha askari wake wawili waliwe, tena wote wanaliwa kwa cheki, yaani mfalme wake akishambuliwa papo hapo, wala hageuki kuwatazama. Mara ya kwanza kuifuata gemu hii ubaoni nilisimama kutoka kitini.

Basi Jumapili jioni nikaamua kumwonyesha kifunguamimba wangu. Ugali ulikuwa bado jikoni. Nikapanga ubao, ile ngome nyeusi iliyopotea tukaweka bobini ya cherehani yangu badala yake kama kawaida, nikaanza kusogeza na kueleza. Tulipofika pale mfalme anapoingia f6, nikamwambia, "Umeona? Angeweza kumla huyu askari wa f5, amemwacha."

Akatazama ubao kitambo. "Mama, wewe ungeona hiyo?"

"Ukiangalia vizuri inaonekana."

"Eeh, lakini kabla ya kusoma. Ungeona?"

Nikamwambia aende aangalie ugali.

Hakuniuliza kwa dharau. Angeniuliza kwa dharau ningemkemea tukamaliza. Aliuliza kama anavyouliza kama kuna chai imebaki, na akaenda jikoni akipiga mluzi. Mimi nikabaki na bobini mkononi. Ungeona? Jumatatu nikikata kola nasikia ungeona. Jumanne ndani ya matatu ya Free Area, ungeona. Jumatano tulikuwa Njoro kwenye ruracio, sherehe ya mahari, ya dada yangu, mbuzi wakahesabiwa, wazee wakabishana wakapatana, dada akalia kwa furaha, nami nimekaa kwenye hema na sahani ya pilau mapajani nikitafuta jibu ambalo ningempa mtoto.

Jibu la kweli ni hapana. Miaka mitatu nimefuata gemu za wakubwa hawa: Morphy na malkia wake aliyemtoa Paris mwaka 1858, Rubinstein na ngome zake, Capablanca. Na mara zote macho yangu yalitangulia mbele ya mkono, yakasoma hatua inayofuata, ndipo nikaisogeza na kusema moyoni, ndiyo, bila shaka. Gauni likishashonwa, kila mtu anaona pa kukata. Msichana ninayemfundisha kazi simruhusu atazame nikikata mpaka achore chaki yake mwenyewe kwanza, hata akikosea, kwa sababu asipochora hajui alikuwa anafikiria nini. Hilo nalijua tangu zamani, na kwenye ubao sikuwahi kulifanya.

Ndiyo maana leo, watoto walipolala, nikapanga tena. Hatua ya f6 ilikuwa kichwani tayari, kuifunika kwa mkono hakungesaidia. Nikafanya kinyume chake: nikamla askari wa f5, vile ambavyo ningefanya mimi, mimi ninayependa kula kila kilichoachwa mezani. Halafu nikageuza kiti nikacheza na weusi kwa nguvu zangu zote.

Bobini ilikuwa na uzi, ncha yake imelegea, nami sikuwa nimeona. Ngome ikarudi e1. Mfalme wangu akapanda f6. Ngome f1, cheki. Mfalme g5. Ngome g1, cheki. Mfalme h6, ngome h1, cheki tena. Ninaposhusha macho, uzi mweusi umetambaa ubaoni nyuma ya ngome, kutoka e1 hadi h1, nusu ya mstari wa chini, na kila safu mfalme wangu aliyokimbilia ilikuwa wazi kuanzia chini hadi alipo. Hakuna kitu cha kujificha nyuma yake. Yule wa kujificha nyuma yake nilikuwa nimemla.

Nikarudisha kila kitu. Nikamrudisha askari mweusi f5, nikamweka mfalme f6 juu yake, nikajaribu kumpigia cheki kutoka chini. Haiwezekani! Askari wa adui mwenyewe amesimama mlangoni, na mfalme pale juu anatishia ngome yake ipande h8 imalize kazi. Nilicheka peke yangu hadi nikaziba mdomo. Katika mashindano hayohayo Capablanca, aliyekuwa amekaa miaka minane bila kushindwa, alipigwa na mchezaji mwingine, Réti, na bado aliweza kuketi ubaoni na kuona kwamba adui asiyeliwa ni ukuta.

Kesho asubuhi kabla ya shule nitamwambia mwanangu hapana, nisingeona. Kisha nitampa bobini, nimwambie mle huyo wa f5 tuone. Ule uzi sitaukata.

Mama alipiga simu jioni kutoka Molo. Anasema ng'ombe hajala tangu jana, na kwamba nisiwe na wasiwasi. Mama akisema hivyo huwa anateremsha sauti. Nimempigia mara mbili tangu saa tatu, simu imezimwa.