Boma, choo na mwembe mmoja

Fundi alichungulia chemba, akaziba pua kwa mkono wa shati, akatoa neno moja: "Mizizi."

Tangu masika nyumba yetu inanuka. Tumeita gari la kunyonya mara mbili tukidhani shimo limejaa, kumbe shimo halina kosa. Mwembe umeingiza mizizi kwenye bomba la choo, umejikalia humo unakunywa. "Mama, hapa dawa ni kukata tu," fundi akasema. "Nakata, nang'oa na kisiki."

Nikamwambia huo haukatwi.

"Kwani una nini?"

Sijafungua mdomo, binti yangu akadakia kutoka kwenye ngazi alikokuwa anakula muwa: "Una kitovu changu." Akatafuna, akatema makapi, akafikiri. "Na cha nani tena, mama? Si ulisema kipo kingine?"

Nikamwambia amalize homuweki kwanza. Hiyo ni wiki iliyopita, na homuweki aliimaliza siku ileile. Naandika hapa kwanza, labda nitajua pa kuanzia.

Mwaka 2013 tulikuwa Buguruni, chumba kimoja, kitanda, cherehani na jiko la mchina chini ya dirisha. Mwenye nyumba alikuwa anachukua kodi ya miezi sita. Alipoona tumbo langu limeanza kusogeza meza, akasema sasa anataka ya mwaka, halafu akauliza, kwa upole kabisa, huyo mtoto atalala wapi. Baba watoto hakumjibu. Usiku akatoa kitabu cha akiba cha SACCOS, mimi nikatoa hela ya upatu niliyoificha ndani ya mto, tukaweka vyote kitandani, tukaviangalia kama watu wanaoangalia mgonjwa. Akauza na ile bodaboda aliyokuwa amempa kijana aiendeshe kwa hesabu. Ikafika milioni tisa na chenji kidogo.

Kwa hela hiyo, mjini unapata maneno. Ukivuka Pugu, ukaendelea mbele mpaka lami inakata tamaa, siku zile ulikuwa unapata boma. Dalali alituonyesha manne. La kwanza lilikuwa bondeni, la pili lilikuwa na kesi, la tatu lilishauzwa na yeye mwenyewe anajua. La nne ndilo hili: vyumba vitatu na sebule, limefika kwenye lenta, halina bati isipokuwa chumba kimoja cha uani. Muuzaji alipima kiwanja mbele yetu kwa miguu, hatua 20 kwa 25. Baba watoto, ambaye ni mrefu, akapima upya kwa miguu yake zikatoka 17 kwa 21. Wakabishana kidogo kuhusu miguu ya nani ndiyo halali, wakacheka, wakapeana mikono.

Mimi nilikuwa nimekaa chini ya mwembe na miguu imevimba. Ndiyo kivuli pekee kilichokuwepo.

Tatizo moja, dalali alinong'ona tukiwa njiani kurudi, ni mama. Mke wa muuzaji hataki kusaini. Wanunuzi wawili wameshakimbia kwa ajili yake. Nao ujanja wa kumruka haukuwepo, kwa sababu mwenyekiti wa mtaa alishaungua na jambo hilo: aliwahi kugonga muhuri mauziano ya nyumba, miezi miwili baadaye mke akatokea na karatasi ya mahakama. Tangu hapo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 alikuwa anaitaja kama wengine wanavyotaja aya. Nyumba ya ndoa haiuzwi mpaka mke aridhie. Hana saini ya mama, hana muhuri.

Basi tukaitwa Jumamosi moja, tuje na hela tujaribu bahati.

Muuzaji hakuwa na akaunti, alitaka taslimu. Milioni tisa kwa noti za elfu kumi ni mabunda tisa, na kutoka Buguruni mpaka kule ni daladala mbili na kituo cha Gongo la Mboto katikati, ambapo mtu anaweza kukuvua soksi bila kukuvua viatu. Mama mkwe ndiye aliyetoa akili. Mabunda yakawekwa kwenye mifuko ya rambo, siku hizo ilikuwa haijakatazwa, yakapangwa chini ya tumbo na ubavuni, likazungushwa kanga mara tatu, fundo nyuma, na fundo lingine juu ya fundo. Msiniulize kanga ilikuwa imeandikwa nini, maandishi yalikuwa yananitazama mimi. Juu nikavaa dera.

Konda aliponiona akapiga kelele: "Mama kijacho, mpisheni jamani!" Bibi mmoja akanipa siti, akanikagua kwa jicho la mtu aliyezalisha wengi. "Mwanangu, hao mapacha."

"Mungu akijalia, bibi."

Baba watoto akakohoa mpaka Pugu.

Ofisi ya serikali ya mtaa ilikuwa chumba kimoja, benchi mbili, bendera nje. Mwenyekiti, mtendaji, dalali, muuzaji, mashahidi wawili wa upande ule, na shemeji yangu upande wetu. Mtendaji alikuwa ameshaandika mkataba kwa mkono. Ardhi yenyewe hainunuliwi, alituelimisha, ardhi ni ya umma na mdhamini wake ni Rais. Mnachonunua ni maendelezo. Kwa hiyo akayaorodhesha maendelezo: boma la vyumba vitatu na sebule, chumba kimoja kilichoezekwa, choo cha shimo, mwembe mmoja. Mke wa muuzaji alikuwa nje, kwenye mkeka, ametupa mgongo.

"Haya," mwenyekiti akasema, "mzigo uko wapi?"

Baba watoto akaniangalia. Mimi nikaliangalia tumbo. Wanaume wote mle ndani wakagundua kwa pamoja kwamba dari ina buibui.

"Mama," mwenyekiti akaita kuelekea nje, "hebu nenda na mwenzako kule nyumbani, akajisaidie."

Ndivyo nilivyoingia nyumba yangu mara ya kwanza, na aliyenikaribisha ni mwenye nyumba.

Kilikuwa kile chumba cha uani. Mashangazi kaja mawili yalikuwa yameshafungwa, yamekaa mlangoni. Godoro limekunjwa, limekazwa kwa kamba. Sufuria zimeingizwa moja ndani ya nyingine. Mtu anayegoma kusaini hafungi mizigo, nikawaza, lakini sikuwa na nafasi ya kuwaza sana maana jasho lilikuwa limelowesha kanga na fundo limekaza kama jiwe. Nikajaribu kwa kucha, haifiki. Nikageuka nimpe mgongo.

Hakusema kitu. Alipiga magoti nyuma yangu, akajaribu kwa vidole, akajaribu kwa mpini wa kijiko. Halafu nikasikia pumzi yake kiunoni. Alikuwa anafungua kwa meno.

Nimewahi kuzalishwa, kushonwa, na kuogeshwa na mama mkwe siku arobaini, lakini bado sijui kama kuna mtu mwingine aliyewahi kuwa karibu namna ile na mimi bila kunijua jina. Fundo la juu likaachia. La pili likachukua muda. Katikati ya kazi mtoto akapiga teke, likaenda moja kwa moja kwenye bunda, karatasi zikalia ndani ya rambo. Mikono ya yule mama ikasimama.

"Huyu anadai chake," akasema.

Tulicheka. Tulicheka mpaka nikalazimika kushika ukuta, na ukuta haukuwa na plasta, mchanga ukanibaki viganjani. Kanga ikafunguka, mabunda yakaanza kudondoka moja moja, naye anayadaka, anayapanga kwenye godoro. Lile la mwisho lilikuwa limenasa chini kabisa ya tumbo. Alilitoa polepole kwa mikono miwili kama mkunga, akabaki nalo. Akaliweka shavuni.

"Zina joto," akasema.

Halafu, bila kubadilisha sauti: "Dada, mimi sijakataa kusaini. Wamekuambia nimekataa?"

Nikanyamaza.

"Nimewaambia kuna kitu sijamaliza. Hawaniulizi ni kitu gani, wananiuliza nataka shilingi ngapi." Akaelekeza kidevu kwenye tundu la dirisha. Mwembe ulikuwa unaonekana wote, na chini yake palikuwa pamefagiliwa, michirizi ya ufagio imetulia, hakuna aliyekanyaga. "Pale kuna kitovu cha mwanangu. Wa kwanza. Mti tuliupanda siku hiyohiyo."

Mwembe haukuwa mkubwa. Ungeweza kuukisia umri kama ungetaka. Na pale nyumbani, tangu siku ya kwanza tulipokuja kuangalia, sikuwa nimeona mtoto, wala kandambili ya mtoto, wala nguo ya shule kwenye kamba. Swali lilinifika kwenye ulimi. Nikalimeza. Mwanamke mwenye mimba ya miezi minane ana maswali ambayo hayaulizi.

"Hautakatwa," nikasema.

Nataka niwe mkweli hapa. Nilisema haraka. Nilikuwa nimebanwa na mkojo, miguu inawaka, milioni tisa ziko kwenye godoro la watu, na kule Buguruni kodi inaisha tarehe 30. Angeniambia nisikate hata michongoma ningekubali. Nilimwahidi kama mtu anavyolipa nauli. Yeye akanitazama usoni kwa muda, sijui aliona nini, akaitika kwa kichwa. Akanifunga kanga upya, vizuri, chini ya tumbo, akayavingirisha mabunda kwenye kitenge chake.

Ofisini aliwaomba waandike kwamba mwembe usikatwe. Mwenyekiti akasema mkataba wa mauziano hauna mahali pa jambo la namna hiyo, ukishauza umeuza. Dalali akacheka. Mtendaji alishamsogezea kibati cha wino wa muhuri aweke dole gumba. Yule mama akakisukuma pembeni kwa kidole kimoja, akachukua kalamu, akaandika majina yake matatu kwa mwandiko wa kulala, mzuri kuliko wa mtendaji.

Yaliyobaki ni ya kawaida. Tukadaiwa asilimia 10 ya ofisi, sheria yake mpaka leo sijaonyeshwa, tukakopa kwa shemeji papo hapo. Jumatatu wakaondoka na kirikuu. Tukahamia tukiwa na bati la chumba kimoja, turubai sebuleni na maji ya kununua kwa dumu. Wiki tano baadaye nikajifungua hospitali ya Amana, msichana. Kitovu kikadondoka siku ya nane. Mama mkwe akakifunga kwenye pamba, akatoka nacho, na mimi nikiwa ndani namsikia anachimba, nikajua anachimba wapi maana kiwanja kizima kilikuwa na mti mmoja. Nilitaka kumpigia kelele asogee pembeni kidogo. Nikaona nitaanza kueleza mengi.

Yule mama hajawahi kurudi. Nilikuwa nafikiri atakuja msimu wa maembe. Miaka ya mwanzo nilikuwa nayaweka mengine kwenye ndoo, pembeni, mpaka yanaoza. Baba watoto anasema huenda hapakuwa na kitovu chochote, ni mtu tu aliyeupenda mti wake. Anasema pia kwamba ahadi ile haikuandikwa, na hapo anaongea kama mwenyekiti. Nikimkumbusha kwamba na cha binti yake kiko hapohapo, ananyamaza, anakwenda kuangalia chemba.

Jana usiku nikamwambia binti yangu, siyo yote. Hela tumboni aliipenda sana, akanirudisha hapo mara tatu. Kwenye mwembe akauliza, "Kwa hiyo pale tuko wawili?"

"Ndiyo."

"Mwenzangu anaitwa nani?"

Nikasema sijui. Akakasirika. Akasema ningeuliza, kuuliza kunahitaji nini? Yuko darasa la sita, kila kitu kwake kinaulizwa.

Fundi amepiga hesabu. Kukata mwembe na kung'oa kisiki, laki moja na nusu. Kuuacha na kuhamishia mfumo wote wa choo upande wa pili, milioni moja na laki mbili, bila mabomba. Nimemwambia aje Jumamosi tutaongea.

Jumamosi iliyopita nilimwambia hivyohivyo.