Siku moja maishani mwangu: kemia, bureti na mawese ya mama mdogo

Saa 10 na nusu alfajiri. Alamu inalia nimeshaamka tayari, jana nililala na hesabu kichwani. Nasoma shahada ya kwanza, kemia, mwaka wa tatu, Chuo Kikuu Huria, kwahiyo hakuna kengele wala mtu wa kukuamsha, ukilala umelala na somo lako. Mchana natunza maabara ya sekondari moja hapa Kigoma mjini, alfajiri na usiku ndo nakuwa mwanafunzi. Huku kwetu jua linachelewa, tuko magharibi kabisa ya nchi ila saa tunatumia ile ile ya Dar es Salaam, saa 12 asubuhi bado giza, na mimi hilo giza nalipenda sana kwasababu simu hailii na hakuna anayeniita.

Leo ni vimeng'enya, zile protini zinazoharakisha kazi za kemia kwenye viumbe hai. Mlinganyo wa Michaelis na Menten, wa mwaka 1913, unaoeleza kasi yao ya kazi. Mwezi uliopita nilikuwa nauandika tu bila kuuelewa, safari hii nimechora grafu kwa mkono mara nne mpaka nikaona kwanini kasi inapanda halafu inakaa pale pale, yani kimeng'enya kikishajaa kazi hata ukiongeza malighafi hakiwezi kwenda zaidi. Nimeng'ang'ania hii mada kwasababu mradi wangu wa mwisho unahusu mawese, na adui wa mawese ni kimeng'enya kinaitwa laipesi, kimo humo humo kwenye nyama ya chikichi.

Saa 1 asubuhi chai na muhogo wa kuchemsha, bodaboda, nipo shule.

Saa 2 mpaka saa 6 ni prakitiko ya kidato cha nne. Nilishaandaa asidi na besi jana jioni, kwa maji ya betri (yale safi yasiyo na chumvi, siyo asidi) niliyonunua dukani, maana maji ya bomba hapa yanatoka ziwani na ziwa Tanganyika lina pH (kipimo cha asidi na besi, 7 ndo katikati, chini yake asidi, juu yake besi) karibu na 9, limejaa bikaboneti, ukitengenezea myeyusho wa taitresheni, yani kupima asidi kwa kuidondoshea besi, unaharibu majibu ya darasa zima. Wanafunzi wanaanza, wengi wanasoma bureti, lile bomba la kioo lenye mistari na koki chini, wakiwa wamesimama juu yake, nazunguka nawainamisha mmoja mmoja, jicho lilingane na mstari. Binti mmoja akaniuliza, madamu, kwanini tone moja tu linageuza chupa nzima? Nikasahau kama kuna wengine wananingoja. Nikamwambia chukua asidi kali na besi kali za 0.1 M (M ni kipimo cha ukali wa myeyusho), cc 25, ukibakiza tone moja kufika pH ipo kama 4, ukizidisha tone moja imeshafika 10, yani ndani ya matone mawili umeruka hatua sita, na kila hatua ni mara kumi, kwahiyo asidi imepungua mara milioni. Akaandika hiyo milioni kwenye kiganja chake. Mimi kemia ilinishika hivo hivo, kwa swali la namna hii.

Saa 7 ugali wa muhogo na dagaa, haraka haraka.

Saa 8 maabara inabaki yangu. Mkuu wa shule amenikubalia niitumie mpaka saa 11 na nusu, ethanoli na karatasi nanunua mwenyewe. Ninachotafuta ni asidi huru za mafuta. Mafuta mazuri yale asidi zimefungwa tatu tatu kwenye gliserini, zikianza kuachia ndo mafuta yanachacha, na kwenye biashara mawese ghafi yakizidi asilimia 5 bei inashuka.

Kwanza nahakikisha soda kaustiki yangu. Hii huwezi kuipima tu kwenye mizani ukaiamini, inafyonza unyevu na hewa ya ukaa ukiwa unaiangalia, chembe zinalowa hapo hapo. Kwahiyo napima asidi ya okzaliki gramu 1.58, naiyeyusha mpaka cc 250, nachukua cc 25 naitaitreti. Imekula cc 25.60. Maana yake soda niliyodhani ni 0.1 M ni 0.098. Tofauti ndogo, ila ukiipuuza inakufuata mpaka jibu la mwisho.

Halafu chupa ya leo, mawese ya mama mdogo wangu wa Mwandiga. Gramu 5.02, ethanoli ya moto cc 50 ambayo nimeshaiondolea asidi yake, matone ya POP (fenofthalini, rangi ya kuonyesha asidi imeisha), nafungulia bureti. Na hapa ndo kuna kazi ambayo kitabu kimeipita kwa sentensi moja tu: mawese ni mekundu. POP inageuka waridi. Waridi ndani ya wekundu utaionaje? Wiki mbili za kwanza nilikuwa napitiliza kila mara. Nilichogundua, punguza mafuta (nilikuwa natumia gramu 10), tikisa kwa nguvu, kisha acha itulie kidogo, mafuta ni mazito kuliko ethanoli yanashuka chini, juu kinabaki kitabaka cheupe kidogo, rangi isome pale, karatasi nyeupe iwe nyuma. Waridi ikidumu nusu dakika umefika.

Ya kwanza ya kubahatisha, 12.90. Ya pili 12.30. Ya tatu 11.60, nikaiangalia sana hiyo namba kwasababu ndo iliyokuwa nzuri kwa mama mdogo, ila nilijua sikutikisa vya kutosha, na mbili zilizofuata zikaja 12.35 na 12.25. Nimeandika zote tano kwenye daftari kwa kalamu ya wino, ile 11.60 nimeandika na sababu ya kutoitumia. Wastani wa zile tatu zilizokubaliana 12.30. Zidisha 25.6 (namba ya kanuni ya mawese, siyo ile cc 25.60 ya juu) kwa 0.098 kwa 12.30, gawanya kwa 5.02. Asilimia 6.1.

Nikarudia hesabu kwa simu, 6.1. Nikaosha vyombo, kuosha peke yake ni dakika arobaini maana mafuta hayatoki kwa maji, na bureti yenye mafuta kesho inakuachia matone kwenye ukuta wake inakudanganya.

Saa 11 na nusu daladala ya Mwandiga. Njiani nawaza namwambiaje. Huyu ndo aliyeuza madumu yake mawili ya mawese mwaka juzi kwa ajili yangu nikalipa ada, na anasifika kwa mafuta safi, na ni kweli jikoni kwake ni pasafi kabisa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, umeyapika kwenye mashine yako? Yanasemaje?"

Nikamwambia. Sita na pointi moja. Akanyamaza, akageuza kuni, akasema hayo si ya sabuni hayo? Nikamwambia bado yanalika ila mnunuzi mwenye kipimo atakushusha. Nikamuuliza mikungu inakaa siku ngapi kabla ya kuchemshwa. Tano, wakati mwingine sita, pale chini ya mwembe. Basi nikajua. Chikichi ikishaiva na kugongwa gongwa laipesi inaanza kazi hapo hapo ya kuzifungua zile asidi, na dawa yake ni moto, ukichemsha mapema kimeng'enya kinaharibika kazi inasimama.

Akanisikiliza mpaka mwisho halafu akanionyesha vidole vyake. Mkungu wa leo chikichi zimeshika, mwanangu, unazichomoa kwa shoka na miiba inakuingia, nikiuacha siku tano zinadondoka zenyewe, sasa wewe na kemia yako mtakuja kunichomolea?

Sikuwa na jibu. Hili swali halimo kwenye pendekezo langu la utafiti na kusema kweli ni kubwa kuliko mradi wenyewe, kwasababu hakuna uchafu wala uzembe pale, kuna mikono miwili ya mama wa miaka hamsini na kitu. Tukakaa tukala migebuka. Mwishoni yeye mwenyewe akasema jumamosi anakata mikungu sita, tatu nije nizichomoe mimi na wadogo zangu tuchemshe siku hiyo hiyo, tatu zikae kama kawaida. Na siku mbili je, nikamuuliza, mkungu ukikaa siku mbili haulegei? Akafikiri, akasema unalegea kidogo. Basi mikungu miwili miwili.

Saa 3 usiku nipo nyumbani, mtaa wa Mwanga hapa mjini. Nimemtumia supavaiza ujumbe kwamba naongeza jaribio. Nimeosha chupa tatu za maji, nimezikausha kifudifudi, nimebandika plasta na kuandika: siku 0, siku 2, siku 5.